Mwanamke Aliyepima Maji ya Jimbo Zima

Mtu atokaye mjini Embu akapitia Manyatta hadi Kianjokoma hupanda mlima akiwa hayaachi maji machoni. Kila bonde lina kijito chake, na vijito hivyo vyote asili yake ni moja, yaani msitu wa Mlima Kenya ulioko juu tu ya mashamba ya chai. Huko msituni maji hutoka yakiwa baridi na maangavu. Yakishuka hupita kwanza katika chai itiwayo mbolea ya dukani, kisha katika kahawa na viwanda vyake vya kuoshea buni, kisha katika masoko, shule na vyoo, hata yakaufikia mji. Kapingazi huingia Rupingazi, Rupingazi huingia Thiba, nao Thiba huishia katika Tana pale lilipo bwawa la Kamburu. Basi kinachotupwa mtoni Kianjokoma kina safari ndefu mbele yake, na mwishoni mwa safari hiyo wapo watu wa Garissa, Hola na Garsen wateka maji.

Ni kawaida yetu kulalamika kuwa mito imechafuka. Malalamiko hayo ni ya haki, ila yana upungufu mmoja ambao mwanafunzi wa sayansi angeutambua mara moja: imechafuka kuliko lini? Asiyejua maji yalivyokuwa kabla ya kuharibiwa hana kipimo cha kuupimia uharibifu, na akipelekwa mahakamani na mwenye kiwanda atashindwa mchana kweupe. Hapana shaka wengi wamelitafakari jambo hili. Lakini mtu aliyelifanyia kazi kwa jimbo zima, chupa kwa chupa, alikuwa mwanamke wa Marekani, Ellen Swallow Richards, na maisha yake yanastahili kujulikana na walimu wetu kuliko yanavyojulikana sasa.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1842 katika kijiji cha Dunstable, jimbo la Massachusetts, mtoto wa pekee wa wazazi waliokuwa wamewahi kufundisha. Mali haikuwa nyingi. Baba alilima, baadaye akafungua duka, na binti akamsaidia dukani huku akisoma. Ujana wake ulipita katika kufundisha, kuuguza wagonjwa na kufanya vibarua vya kila namna ili aweke akiba ya karo. Alipoingia Chuo cha Vassar, kilichokuwa cha wanawake watupu, mwaka wa 1868, alikuwa na umri wa miaka 25, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshaolewa na kuzaa. Huko alifundishwa nyota na Maria Mitchell, mwanaanga mashuhuri, na kemia na Charles Farrar, aliyeshikilia kwamba elimu hiyo haina budi kuwafaa watu katika shida zao za kila siku. Nyota alizipenda, lakini alichagua kemia.

Baada ya kuhitimu mwaka wa 1870 aliomba kazi kwa wakemia wa biashara, akakataliwa. Ndipo alipoelekea Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, mjini Boston, ambacho hakikuwa kimepata kumpokea mwanamke. Walimkubali, lakini kwa hila fulani. Hawakumtoza karo. Yeye alidhani wamemhurumia kwa ufukara wake. Kumbe sababu ilikuwa kwamba asiyelipa karo hahesabiwi kuwa mwanafunzi, hata mkuu wa chuo akiulizwa kama ana mwanamke chuoni aweze kukana pasipo kusema uongo. Alihitimu mwaka wa 1873, naye akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada katika chuo hicho. Shahada ya juu zaidi, aliyokuwa anaiweza, hakupewa.

Mwaka wa 1875 aliolewa na Profesa Robert Richards, mkuu wa idara ya madini katika chuo hicho hicho, aliyemposa ndani ya maabara. Fungate yao waliifanya pamoja na darasa zima la wanafunzi wa madini huko Nova Scotia. Mwaka uliofuata ilifunguliwa maabara ya wanawake chuoni, kwa fedha za chama cha akina mama wa Boston, naye akafundisha humo bila mshahara. Maabara hiyo ilifungwa mwaka wa 1883 kwa sababu njema: wanawake walikuwa wamekubaliwa kusoma pamoja na wanaume. Mwaka wa 1884 aliajiriwa kuwa mwalimu wa kemia ya afya, cheo alichokishika mpaka kufa kwake. Uprofesa haukumfikia.

Sasa tuje kwenye maji. Massachusetts ya siku zile ilikuwa jimbo la viwanda vya nguo, vilivyojipanga kando ya mito kwa kuwa mito ndiyo iliyoviendesha. Kila mji ulinywa kutoka mtoni na kumwaga taka zake mtoni. Homa ya matumbo iliwaua watu kila mwaka. Mwaka wa 1886 jimbo lilitunga sheria ya kulinda maji ya bara, na Bodi ya Afya ikaagizwa kuyachunguza maji yote. Kazi ya kemia ilikabidhiwa Profesa Thomas Drown, na maabara ikawa chini ya mikono ya Bibi Richards, aliyekuwa amekwisha kuipimia Bodi hiyo maji tangu miaka ya mwanzo ya 1870.

Msomaji na atafakari kazi yenyewe. Kila mwezi chupa zilifika kutoka katika mito, maziwa na mabomba ya miji, zikaendelea kufika mwezi baada ya mwezi, kiangazi na kipupwe. Kila moja ilinuswa, ikatazamwa rangi, ikapimwa amonia, nitrati, kloridi na ugumu wa maji, kisha matokeo yakaandikwa. Hakukuwa na mashine ya kuyafanya hayo. Yalifanywa kwa mikono na macho, na kipimo kilichofanywa ovyo siku moja kingeivuruga hesabu ya mwaka mzima. Chupa zilizopita katika maabara ile zilihesabika kwa makumi elfu, na inasemekana hapakuwa na uchunguzi wa maji wa ukubwa huo popote kabla yake.

Katika lundo hilo la tarakimu ndimo ulimopatikana uvumbuzi uliomletea sifa. Kloridi ni sehemu ya chumvi ya kawaida. Mwanadamu hula chumvi na kuitoa katika mkojo wake, kwa hiyo maji yaliyoingiwa na taka za watu huwa na kloridi nyingi kuliko inavyopasa. Lakini ipasavyo ni kiasi gani? Hapo ndipo wengi walipokwama, maana kisima safi cha pwani kilionyesha chumvi nyingi kuliko kijito kichafu cha bara. Tarakimu zilipowekwa juu ya ramani, utaratibu ulijitokeza. Upepo wa bahari hubeba chumvi na kuimwaga nchi kavu pamoja na mvua, na kadiri mtu anavyoiacha pwani ndivyo chumvi hiyo inavyopungua. Mistari ikachorwa kuunganisha mahali penye kiasi kimoja cha asili, sambamba na ufuo. Tangu siku hiyo, aliyepima maji ya mahali fulani aliitazama ramani, akatoa kiasi cha asili, na kilichobaki kikamwambia mchango wa binadamu.

Kwa rai yangu thamani kubwa ya ramani ile haimo katika kloridi. Imo katika uamuzi wa kutumia muda na fedha nyingi kupima maji yasiyo na kosa lolote. Mpimaji wa kawaida hukimbilia penye uvundo, hali Bibi Richards na wenzake walipeleka chupa pia kwenye vijito vya milimani na maziwa yasiyokaliwa na mtu.

Kemia peke yake, hata hivyo, haikutosha, na ni vizuri kulikubali hilo. Kipimo cha kloridi husema kwamba taka zimeingia. Hakisemi kama zimebeba ugonjwa. Majira ya baridi ya 1890 na 1891 homa ya matumbo ilizuka katika miji ya Lowell na Lawrence, yote miwili ikiwa kwenye mto Merrimack, Lowell juu na Lawrence chini. Aliyeufuatilia mkondo wa ugonjwa ni William Sedgwick, mtaalamu wa bakteria. Watu wa Lawrence walikuwa wakinywa taka za Lowell. Mwaka wa 1893 Lawrence ulijengewa chujio kubwa la mchanga, lililotokana na majaribio ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa mjini humo mwaka wa 1887, na vifo vya homa hiyo vikapungua sana. Kemia, bakteria na uhandisi vilifanya kazi bega kwa bega, na kuanzia mwaka wa 1890 Bibi Richards alikuwa akiwafundisha wahandisi vijana namna ya kupima maji, hewa na maji taka.

Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi katika elimu ya nyumbani: chakula, hewa ya vyumba, usafi wa jikoni. Chama cha Marekani cha sayansi hiyo kilipoundwa mwaka wa 1908, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Wapo waliomlaumu kwa kuwarudisha wanawake jikoni. Lawama hiyo naiona nyepesi, kwani aliyekuwa akiwafundisha akina mama kwa njia ya posta, mbali na vyuo vilivyowafungia milango, alikuwa akiwapelekea maabara pale pale walipo. Alifariki tarehe 30 Machi 1911, akiwa na umri wa miaka 68.

Yanatuhusu nini haya sisi wa mteremko wa Mlima Kenya? Mwaka wa 1974 serikali ya Kenya ilitoa mpango mkuu wa maji uliokusudia kila mwananchi apate maji salama ifikapo mwaka wa 2000. Mwaka huo ulifika na ukapita. Sheria ya Maji ya 2002 ilianzisha chombo cha kusimamia mito, nayo Sheria ya 2016 ikakigeuza kuwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Jijini Nairobi, huko Gigiri, ndiko yaliko makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo tangu miaka ya 1970 limekuwa na mpango wa kukusanya takwimu za ubora wa maji duniani. Hatuna upungufu wa vyombo wala sheria. Kilicho haba ni tarakimu mfululizo za mahali pamoja, zilizoandikwa mwaka baada ya mwaka.

Tena tarakimu hizo haziwezi kuwa za mfano mmoja nchi nzima. Katika Bonde la Ufa, kando ya Nakuru, visima vingi vina floridi nyingi iliyotoka katika miamba yenyewe, hata meno ya watoto huwa ya kahawia bila kiwanda chochote kuwa na hatia. Kiwango salama cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na yapo maji ya asili yanayokipita mbali. Pwani nako kisima huweza kuwa na chumvi kwa ajili ya bahari, kama ilivyokuwa kule Massachusetts. Kumbe mpango wa taifa hauna budi kuanza kwa kuuliza kila bonde lina asili gani, ndipo uweke alama ya hatari.

Kwa mto unaopita Kianjokoma, mahali pa kwanza pa kupima ni juu ya shamba la mwisho, pale maji yanapotoka msituni kabla ya kukutana na mtu. Mahali pa pili ni chini ya chai, pa tatu chini ya viwanda vya kahawa, na pa mwisho kabla ya mji.  Kitakachotufaa ni joto la maji, tope, hewa ya oksijeni iliyomo, nitrati itokayo kwenye mbolea, na jinsi maji yanavyopitisha umeme, kipimo kinachoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka na ambacho hufanywa kwa chombo kidogo cha mkononi. Maji ya kuoshea kahawa yana utelezi na sukari. Yakifika mtoni huoza, na kuoza huko hula oksijeni ambayo samaki na wadudu wa maji huihitaji.

Shule ya sekondari yenye maabara na mwalimu mmoja mwenye subira ingeweza kuyafanya mengi ya haya kila mwezi, siku ile ile, kwa njia ile ile, na kuyaweka katika daftari moja lisilohama na mwalimu anapohamishwa. Vipimo vya vijidudu vingehitaji maabara kubwa zaidi, na ofisi ya Tana ya Mamlaka ya Maji imekuwa na makao yake mjini Embu, mwendo mfupi kwa gari. Mavuno makuu ya kahawa huanza karibu na Oktoba, pamoja na mvua za vuli. Chupa za kwanza zingefaa kujazwa Agosti, mto ukiwa mdogo na viwanda vikiwa vimelala.