Paul Lomami Tshibamba: makala moja, fimbo, na vitabu

Mwaka 1945, vita kuu ikikaribia kwisha, gazeti La Voix du Congolais la Léopoldville (Kinshasa ya leo) lilichapisha makala yenye kuuliza Wakongomani waliosoma watakuwa na nafasi gani katika dunia ya kesho. Gazeti hilo lilikuwa chini ya macho ya serikali ya Wabelgiji. Mwandishi, Paul Lomami Tshibamba, aliitwa, akahojiwa, akachapwa fimbo.

Alizaliwa Brazzaville mwaka 1914, baba Muluba wa Kasai, mama Mngbandi. Alitaka kuwa padri, akasoma seminari ya Mbata-Kiela kule Mayombe, lakini masikio yalimharibikia na njia hiyo ikafungwa. Basi akashika kalamu. Mkate aliutafuta kwenye kazi za ofisi, huku akiandikia La Croix du Congo.

Miaka mitatu baada ya fimbo, Bruxelles ilimpa zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi. Ndiyo, mji mkuu wa wale wale Wabelgiji! Kitabu chenyewe ni Ngando, maana yake mamba. Mtoto wa Kinshasa ananyakuliwa mtoni na mamba aliyetumwa na ndoki, na baba yake anamfuata hadi kwa mizimu ili amrudishe. Anapewa sharti, sharti linavunjwa, na kila kitu kinapotea. Waliozoea hadithi za mababu jioni watajisikia nyumbani humo, ingawa mambo yanatokea mjini, karibu na kazi za wazungu.

Zawadi haikumpa amani. Alivuka mto, akarudi Brazzaville alikozaliwa, na huko akaongoza gazeti la fasihi Liaison miaka ya 1950. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake ambayo watu wanaisahau upesi: alisoma maandishi ya wengine, akayasahihisha, akayapa nafasi. Jean Malonga na Sylvain Bemba ni kati ya walioandika humo.

Uhuru ulipokaribia alirudi ng’ambo hii ya mto. Alitoa La Récompense de la cruauté mwaka 1972, akichimba tena mambo ya kale na ya mizimu. Halafu mwaka 1981, akiwa mzee, ikatoka Ngemena, riwaya juu ya Mwafrika aliyesoma na namna mkoloni alivyomdharau. Lilikuwa lile lile swali la 1945, safari hii bila mtu wa kumwita ofisini. Alifariki mwaka 1985.