PETER KROPOTKIN: MKUU ALIYEKATAA UKUU

Peter Kropotkin alizaliwa Moscow mwaka 1842, katika ukoo wa wakuu wa Urusi. Baba yake alimiliki wakulima wanaume karibu 1,200, waliofungwa kwenye ardhi yake kama watumwa. Kijana alisomeshwa katika shule ya kifalme, St. Petersburg, akawa mhudumu wa Kaisari Alexander II. Njia ya vyeo ilikuwa wazi mbele yake.

Lakini mwaka 1862 alichagua kwenda Siberia kuwa askari. Huko alipima nchi na milima, tena aliona jinsi amri zitokazo mbali zilivyoshindwa kuwafaa watu, hali wanavijiji walisaidiana wenyewe. Mwaka 1871 Chama cha Jiografia kilimtaka awe katibu wake. Alikataa, kwani aliona si haki yeye afurahie elimu na huku wakulima wanakosa mkate.

Mwaka uliofuata alifika Uswisi, kwa mafundi saa wa milima ya Jura. Hao waliamua mambo yao pamoja, wala hawakungoja bwana wa kuwaamuru. Hapo akashika fundisho la uanarkia, yaani kwamba watu waweza kuishi kwa kupatana, pasipo serikali ya kuwashurutisha.

Aliporudi kwao aliwafundisha wafanyakazi kwa siri, akafungwa mwaka 1874. Baada ya miaka miwili alitoroka kutoka hospitali ya jeshi. Fidla ilipigwa nyumba ya jirani kuwa ishara kwamba njia ni nyeupe. Ufaransa nako alifungwa, hata mwaka 1886. Kisha alikaa Uingereza miaka zaidi ya 30. Katika kitabu chake cha mwaka 1902 alionyesha kwamba viumbe hudumu kwa kusaidiana, si kwa kushindana tu. Hata hivyo, mwaka 1914 aliunga mkono vita dhidi ya Ujerumani, na rafiki zake wengi wakamwacha.

Alirudi Urusi mwaka 1917. Serikali ya muda ilimpa uwaziri, akakataa. Wabolsheviki walipokwisha kutawala, alimwandikia Lenin mwaka 1920 kupinga kukamata watu kuwa mateka.

Alikufa Dmitrov tarehe 8 Februari, 1921. Siku ya maziko, wafuasi wake kadhaa waliokuwa gerezani Moscow waliruhusiwa kutoka kwa ahadi tu ya kurudi. Walimzika mzee wao, kisha wakarudi gerezani. Wengi hatusadiki kwamba nchi yaweza kwenda bila serikali. Lakini siku ile neno la mtu lilitosha.