Guru Nanak: Mtunza Ghala Aliyemwona Mungu Katika Kazi ya Kila Siku

Na Mwandishi Wetu

Mwishoni mwa karne ya 15, katika mji wa Sultanpur Lodhi huko Punjab, ghala la liwali Daulat Khan Lodi lilikuwa chini ya kijana aitwaye Nanak. Kazi yake ilikuwa kupokea na kupima nafaka, katika zama ambazo kodi nyingi zililipwa kwa mazao. Mtumishi huyo ndiye Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Sikh, ambayo waumini wake hapa Afrika Mashariki wamezoeleka kuitwa Makalasinga.

Nanak alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, ambacho sasa ni mji wa Nankana Sahib nchini Pakistan. Baba yake, Mehta Kalu, alikuwa karani wa hesabu za mapato ya ardhi. Masimulizi ya jadi yanaeleza kuwa alimkabidhi mwanawe rupia 20 akafanye biashara, naye akazitumia zote kuwalisha watawa wenye njaa aliokutana nao njiani. Baba alighadhibika. Ndipo dada yake, Nanaki, pamoja na shemeji yake, Jai Ram, walipomchukua Sultanpur na kumtafutia kazi.

Huko ndiko linakotoka simulizi mashuhuri la mizani. Katika Kipunjabi, neno linalotaja kumi na tatu lina pia maana ya kuwa kitu ni chako. Inasimuliwa kwamba Nanak alipofika kipimo cha kumi na tatu alizama katika kumkumbuka Mungu, mwenye vitu vyote, akawa analirudia neno hilo huku akiendelea kupima. Uvumi ukamfikia liwali kwamba mali ya ghala inatapanywa. Ukaguzi ukafanyika, na hesabu zikakutwa hazina upungufu wowote.

Inakadiriwa kuwa mwaka 1499, Nanak alikwenda kuoga alfajiri katika mto Bein, na kwa mujibu wa masimulizi hakuonekana kwa siku tatu. Aliporejea, alitangaza kuwa mbele ya Mungu watu hawatenganishwi na majina ya Uhindu na Uislamu. Aliacha kazi, akasafiri kwa miaka mingi akiwa na Mardana, mwanamuziki Mwislamu aliyepiga zeze wakati yeye akiimba. Jadi inasema walifika hadi Makka na Baghdad.

Mtu wa namna hiyo angetarajiwa kumalizia maisha yake pangoni au msituni, kama walivyofanya watawa wengi wa wakati wake. Nanak alichagua njia nyingine. Alikuwa na mke, Sulakhni, na watoto wawili wa kiume. Alikwenda kuishi Kartarpur, kando ya mto Ravi, akashika jembe. Kabla ya mapambazuko waumini walikusanyika kwa sala na nyimbo. Mchana walikuwa shambani. Jioni walisali tena, kisha wakala pamoja wakiwa wameketi chini, bila kujali tabaka. Mafundisho yake yakajengwa juu ya nguzo tatu: kulikumbuka jina la Mungu, kuishi kwa jasho halali, na kugawana kile kinachopatikana.

Mtihani mgumu ulikuwa kumpata mrithi. Mwanawe mkubwa, Sri Chand, alifuata njia ya utawa. Inasimuliwa kwamba siku moja Nanak aliwaambia wanawe wabebe mzigo wa nyasi mbichi zenye matope, wakakataa. Mwanafunzi wake, Lehna, aliutwika kichwani bila kujali mavazi yake kuchafuka. Nanak akaiacha damu yake, akamteua Lehna na kumpa jina la Angad. Mwaka huohuo, 1539, alifariki dunia.

Mwishoni mwa karne ya 19, mafundi kutoka Punjab walikuja Afrika Mashariki kujenga reli ya Uganda. Baadhi yao walikuwa Wasikh, na imani yao ilikuja pamoja nao. Huko Makindu, katika njia ya Mombasa na Nairobi, hekalu lililojengwa mwaka 1926 hadi leo huwakaribisha wasafiri wa dini zote kwa chakula cha bure. Dereva wa lori na abiria wa basi huketi hapo bila kuulizwa kabila wala imani, kama ilivyokuwa Kartarpur.