OTTO LILIENTHAL NA SIRI YA BAWA LA NDEGE

Bismillahi Rahmani Rahimi.



Katika Suratul Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anatuelekeza kuwatazama ndege walio juu yetu, namna wanavyokunjua mabawa yao na kuyakunja. Aya hiyo tunaisoma mara nyingi, lakini ni wachache wanaosimama na kutazama kweli. Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu, lakini aliwatazama ndege tangu utoto wake, mpaka kazi hiyo ikamtoa roho.

Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za Abbas bin Firnas wa Kordoba, wa karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari ameandika kwamba alijivika manyoya na mabawa, akaruka mwendo fulani, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua, kwa sababu hakujifanyia mkia. Zaidi ya miaka 900 baada yake, huko Ujerumani, akazaliwa mtu aliyelichukua swali lile lile na kulipima kwa hesabu. Jina lake Otto Lilienthal.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 katika mji mdogo wa Anklam. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, mama akabaki na mzigo wa kulea. Otto na mdogo wake Gustav walipenda kwenda majanini kuwatazama korongo. Walijitengenezea mabawa ya mbao wakajaribu kuruka usiku, ili vijana wenzao wasiwacheke. Hawakuruka, lakini hawakuacha.

Otto alisomea uinjinia Berlin. Mwaka 1883 alifungua kiwanda chake cha kutengeneza mashine na matangi ya mvuke. Hapa kuna jambo la kuzingatia, ndugu zetu: tangu mwaka 1890 alikuwa akiwagawia wafanyakazi wake robo ya faida ya kiwanda. Elimu yake haikumsahaulisha haki ya mwenye kutoka jasho.

Sasa, siri aliyoitafuta ni ipi? Mtazameni ndege anayeruka. Bawa lake moja linafanya kazi mbili kwa pamoja. Kazi ya kwanza ni kuubeba uzito wake usianguke. Kazi ya pili ni kumsukuma mbele. Sehemu ya bawa iliyo karibu na mwili inatikisika kidogo tu, nayo ndiyo inayobeba zaidi. Sehemu ya ncha inapiga kwa nguvu, na inaposhuka inajipinda, ukingo wake wa mbele ukiinama chini, hivyo hewa inamsukuma ndege kwenda mbele.

Otto na Gustav waliifunga vipande vya mabawa kwenye mkono wa mashine unaozunguka, wakapima nguvu ya hewa kidogo kidogo. Waliona kwamba bawa lenye mgongo uliopinda kidogo, kama la korongo, linainua vizuri kuliko ubao ulionyooka. Mwaka 1889 Otto alitoa kitabu juu ya kuruka kwa ndege, chenye vipimo hivyo.

Kisha akaacha meza akaenda mlimani. Tangu mwaka 1891 aliruka kwa mabawa ya miti myepesi na kitambaa, bila injini, akiteremka na upepo. Mwaka 1894 alijenga kilima chake mwenyewe karibu na Berlin. Aliruka mara 2,000 hivi, na safari zake ndefu zilifika meta 250. Kazi ya kwanza ya bawa, yaani kubeba, alikuwa ameishika.

Ikabaki ya pili. Mwingereza George Cayley alikuwa amechora tangu mwaka 1799 chombo ambacho bawa linabeba tu, na kitu kingine kinasukuma. Lilienthal hakuifuata njia hiyo. Aliamini kwamba bawa moja lifanye yote mawili, kama Muumba alivyomfanyia ndege. Alitengeneza chombo chenye ncha za kupigapiga, zikiendeshwa na injini ndogo ya gesi, kisha akaanza kingine kikubwa zaidi. Hakujaaliwa kuruka kwa nguvu ya injini hizo.

Tarehe 9 Agosti 1896, kwenye vilima vya Rhinow, alikuwa akiruka na chombo chake cha kawaida kisicho na injini. Upepo ukakisimamisha hewani, naye akaanguka kutoka meta 15 hivi, shingo ikavunjika. Kesho yake alifariki Berlin, mwenye umri wa miaka 48, akaacha mjane na watoto wanne.

Habari ya kifo chake iliwafikia ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Walisoma vipimo vyake, wakavijaribu, wakatengeneza vyao. Lakini walizitenga zile kazi mbili: bawa libebe, na propela, yaani mapanga yanayozunguka, isukume. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa injini. Eropleni nyingi tunazoziona zimefuata njia hiyo.

Je, Lilienthal alikosea? Katika njia alikosea, maana binadamu hana kifua cha ndege. Lakini swali lake halikufa. Helikopta ina mabawa yanayozunguka, yanayobeba na kuvuta kwa pamoja. Na mwaka 2010 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walirusha chombo cha mabawa ya kupigapiga, kikiendeshwa kwa miguu ya mtu. Kilivutwa kwanza na gari, kisha kikajitegemea hewani kwa sekunde 19 tu. Shomoro wa juu ya bati lako anafanya hivyo kila asubuhi bila kuhesabu.

Ndugu zetu, funzo ni hili: mtu alipima kwa uaminifu, akaandika, akawaachia wengine. Pale aliposema kweli wakachukua, pale alipokosea wakasahihisha. Baba anayemnyima mtoto daftari kwa kuogopa kwamba hatamaliza masomo, akumbuke kwamba Lilienthal naye hakuimaliza kazi yake.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.