Panda Farnana: mutu aliyedai heshima ya askari wa Kongo

Maji tunayoyaona hapa Nzilo, yale yanayozungusha mashini na kutupa umeme, hayabaki hapa. Lualaba inapanda kaskazini, inageuka kuwa mto Kongo, inapita Kisangani, Mbandaka, Kinshasa, halafu inamaliza safari yake baharini, karibu na Banana. Huko mwisho wa maji yetu, katika kijiji cha Nzemba, ndiko alizaliwa Paul Panda Farnana mwaka 1888.

Wengi wanajua jina lake juu ya masomo. Ni kweli, alikuwa Mukongo wa kwanza kupata masomo ya juu Ubelgiji. Lakini siye wa sendika tunamukumbuka zaidi juu ya kitu kingine: alidai askari Mweusi aliyefanya kazi ya ushujaa aheshimiwe kwa kipimo kilekile cha Muzungu. Alidai akiwa karibu peke yake, wakati ambapo kudai hivyo kulionekana kama wazimu.

Alipofika miaka 12, mwaka 1900, ofisa mumoja Mubeleji jina lake Derscheid alimupeleka Brussels. Dada ya yule ofisa, Louise Derscheid, akamulea kama mutoto wake. Panda akasoma Ixelles, halafu akaingia shule ya kilimo ya Vilvoorde, akatoka na diploma mwaka 1907. Akaendelea Ufaransa, Nogent-sur-Marne, kujifunza mimea ya inchi za joto. Mwaka 1909 akarudi Kongo kama mutumishi wa serkali, akatumwa Eala, karibu na Mbandaka, kwenye bustani kubwa ya miti na mimea. Wakati ule Mukongo aliweza kuwa boyi, mubeba mizigo, askari, ao kapita. Mukongo mwenye diploma, anayekaa ndani ya biro na Wazungu, hakuna aliyekuwa amemuona.

Mwaka 1914 vita ilipoanza, Panda alikuwa Ubelgiji. Hakuna aliyemulazimisha kushika bunduki. Yeye na Wakongo wengine wachache, kati yao Albert Kudjabo na Joseph Adipanga, walijiandikisha kwa mapenzi yao katika kikosi cha wajitoleaji cha Koloneli Chaltin. Wakatumwa Namur kusaidia kulinda muji. Mwezi wa 8, Namur ikaanguka. Panda akakamatwa na Wajerumani, na akakaa mufungwa kule Ujerumani mupaka vita kuisha, mwaka 1918. Miaka 4 na zaidi.

Wakati yeye yuko kambini kule, huku Afrika ndugu zake walikuwa wanapigana vita ileile. Askari wa Force Publique, basoda kama tunavyosema, walivuka kuingia Rwanda na Burundi, wakashuka mupaka Tabora, wakaingia muji ule tarehe 19 mwezi wa 9, 1916. Jenerali wao alikuwa Charles Tombeur, mutu aliyekuwa mbele amefanya kazi kubwa katika serkali ya Katanga yetu hii. Nyuma ya askari walifuata wabeba mizigo zaidi ya 200,000. Chakula, risasi, wagonjwa, hata vipande vya mizinga, vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega yao. Maelfu walikufa njiani kwa njaa, kwa magonjwa na kwa kuchoka. Na wakati ule shaba ya Katanga ilikuwa inachimbwa na kupelekwa Ulaya kutengeneza risasi. Babu zetu nao walikuwa ndani ya vita ile, hata wale ambao hawakuona Mujerumani hata mumoja.

Vita ikaisha. Tombeur akapandishwa, akapewa ubaroni, na jina la Tabora likaungwa kwa jina lake. Na askari? Na mubeba mizigo?

Hapa tueleze kidogo namna medali zinavyotembea, sababu bila hiyo hatutaelewa Panda alidai nini. Medali zina ngazi, sawasawa na grade za kazi. Ubelgiji ina zile zinaitwa ordre, na ndani yake kuna shevalie, halafu ofisie, halafu komanderi, na nyingine juu zaidi. Chini ya zote kuna medali za kawaida, za zahabu, za feza na za bronzi. Mutu anapewa kufuatana na cheo chake. Na katika Force Publique Mukongo hakuweza kuwa ofisa. Ngazi yake ilikomea kwa sajini. Basi hata akifanya ushujaa gani, hata akiokoa maisha ya mukubwa wake, medali yake ilikuwa ile ya chini. Na mubeba mizigo hakuhesabiwa hata kati ya askari.

Kwa hiyo kuomba medali ya askari ipandishwe ngazi hakukutosha. Ilikuwa lazima kupandisha ngazi ya mutu mwenyewe. Panda aliliona jambo hilo, na ndiyo sababu hakubaki kulilia kipande cha chuma kwa kifua chake.

Tarehe 30 mwezi wa 8, 1919, yeye na wenzake wakaanzisha Brussels chama chao, Union Congolaise. Walianza watu 33, wengi wao waliokuwa askari. Kilikuwa chama cha kusaidiana: kumutunza mugonjwa, kumuzika aliyekufa, kufundisha masomo ya mangaribi kwa wasiojua kusoma. Kikapata matawi mupaka Liège, Charleroi na Marchienne-au-Pont, miji ya makaa ya mawe na ya chuma. Mwana-sendika anayesoma habari hii atatambua kazi yake mwenyewe. Tulianza vile vile, na kitabu cha michango na mufuko wa matanga.

Haikuwa raisi. Gazeti moja la waliopigana vita liliandika kwamba Wakongo warudishwe kwao, kwenye kivuli cha migomba yao. Hayo yalisemwa juu ya watu waliokamatwa Namur wakiilinda Ubelgiji! Panda akajibu kwa maandishi, bila matusi, kwa Kifaransa safi kuliko cha wale waliomusema. Akakumbusha tu walivyofanya.

Mwezi wa 12, mwaka 1920, akasimama mbele ya kongreso kubwa ya mambo ya koloni, Brussels, kati ya mawaziri, wakubwa wa kampuni na wamisionere. Akadai shule zilizo za kweli, na nafasi ya Wakongo katika serkali ya inchi yao. Mwaka 1921 akasimama tena, na W.E.B. Du Bois wa Marekani, katika kongreso ya watu Weusi iliyokuja Brussels. Magazeti yakamushambulia, yakamuita mutu wa Bolsheviki. Hakuwa hivyo. Alidai tu deni.

Mwaka 1922, Ubelgiji ikazika askari wake asiyejulikana jina, chini ya nguzo kubwa ya Brussels, na moto usiozimika. Union Congolaise ikaomba askari wa Kongo naye apate ukumbusho wake, sababu naye alikufa, na jina lake halikuandikwa. Ombi halikupata jibu la maana.

Mwaka 1929 Panda akarudi Nzemba, kwao. Akajenga shule, akaanza kazi ya mafuta ya ngazi. Mwaka uliofuata, mwezi wa 5, 1930, akafia Matadi. Hakufika hata miaka 43. Hakuona hata kimoja kati ya vile vikubwa alivyodai.

Ukumbusho wa vikosi vya Afrika ulisimamishwa Schaerbeek, Brussels, mwaka 1970, miaka 40 baada ya kifo chake. Na mwezi wa 6, mwaka 2022, mufalme Philippe alipokuja Kinshasa, alimuvalisha Kaporali Albert Kunyuku, muzee wa miaka 100 aliyetumwa mupaka Birmania katika vita ya pili, medali ya komanderi wa Ordre de la Couronne. Komanderi, si ile ya chini! Kaporali alipewa ngazi ambayo wakati wa ujana wake hakuna Mukongo mwenye bunduki angeiota. Tulifurahi kuona picha ile. Lakini tulijiuliza pia: wenzake wote waliokufa mbele yake, nani atawavalisha?

Tunaandika haya juu ya jambo tunaloliona kazini. Wazee wanatuletea medali za kazi ndani ya mufuko wa plastiki, wanauliza kama zinaweza kuwasaidia kupata malipo yao ya uzee. Mumoja alikuwa amevuta wenzake wawili kutoka chini ya udongo ulioanguka. Kampuni ikamupa medali na mukono, na grade yake ikabaki palepale mupaka akaacha kazi. Tulipotaka kufuata mambo yake, mashahidi walikuwa wamekufa, na karatasi hakuna.

Panda ametufundisha tusikatae medali, lakini tusiache medali ichukue nafasi ya grade, ya shule ya watoto, na ya malipo. Na tuandike mapema. Mutu akiokoa mwenzake leo chini ya shimo, jina lake, tarehe, mahali na mashahidi wawili viandikwe wiki hiyohiyo katika kitabu cha sendika, wakati mashahidi bado wako hai.