Heike Kamerlingh Onnes: Mwalimu wa Vipimo

Aghalabu sisi walimu wa sayansi huwasimulia wanafunzi ushindi wa mabingwa, tukaacha kuwaeleza yaliyowashinda. Maisha ya Heike Kamerlingh Onnes yafaa kuirekebisha desturi hiyo.

Alizaliwa Groningen, Uholanzi, mwaka 1853, akawa profesa wa fizikia mjini Leiden mwaka 1882. Alishikilia kwamba elimu hupatikana kwa kupima. Na kwa kuwa hakuna kipimo pasipo chombo, mwaka 1901 aliasisi mafunzo rasmi ya mafundi, ambamo vijana walijifunza kuchonga vyuma na kupuliza vioo huku wakiitumikia maabara yake. Tarehe 10 Julai 1908 maabara hiyo iligeuza gesi ya heli kuwa kiowevu, katika baridi ya digrii 269 chini ya sifuri.

Mwaka 1911, yeye na wenzake walipoipoza zebaki kwa kiowevu hicho, ukinzani wake wa umeme ulitoweka ghafula. Basi akatumaini kuunda, kwa waya wa namna hiyo, sumaku ya tesla 10 isiyotoa joto, yaani yenye uga uzidio ule wa dunia zaidi ya mara 100,000. Haikuwezekana. Koili yake ya waya wa risasi ilirudiwa na ukinzani mapema mno. Mwaka 1914 akathibitisha kuwa uga wa sumaku wenyewe, hata usiofikia 1/10 ya tesla, huiondoa hali hiyo. Hakulificha jambo hilo. Alilipima na kulitangaza. Alifariki mwaka 1926 bila kuiona sumaku aliyoitamani.

Hata hivyo, mpaka alioupima ndio uwaongozao wabuni wa sumaku kubwa. Waya za niobi na bati, zilizopatikana baadaye, huvumilia uga mkubwa zaidi, lakini nazo zina kikomo. Kwa hiyo huwekwa upande wa nje, ambako uga ni dhaifu zaidi. Ndani huwekwa sahani za shaba, ambazo hazina kikomo hicho ila hutoa joto jingi, zikapozwa kwa maji yaendayo kasi. Nyuga hizo mbili hujumlika. Sumaku ya mtindo huo mjini Tallahassee, Marekani, ilifikia tesla 45.

Hivyo basi, mwanafunzi apatapo jibu asilolitarajia, tusimwamuru alifute. Na apime tena, aliandike, kisha tumsaidie kutafuta sababu yake.