Guru Tegh Bahadur: kifo hakikumtisha

Wadau, leo tumcheki Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa 9 wa Masingasinga. Alizaliwa Amritsar mwaka 1621. Ujanani alipigana vitani, halafu akatulia kijijini Bakala miaka kibao, akilitaja jina la Mungu kimoyomoyo. Zoezi ndo hilo: kila siku unajikumbusha kwamba mali, ndugu na mwili vyote vinapita, mpaka kifo kinakosa cha kukutishia.

Mwaka 1675 akafungwa Delhi, enzi za mfalme Aurangzeb. Masingasinga wanasimulia kwamba alikuwa anawatetea Wahindu wa Kashmir, watu wa dini nyingine kabisa, na wenzake watatu wakauawa kwanza mbele ya macho yake. Akaambiwa abadili dini, akagoma. Akakatwa kichwa.

Kufa tutakufa wote, wadau. Woga ndo wa kuachana nao.